Fuko Si Mole

Kenya haina mole. Hata mmoja. Najua shuleni tulifundishwa kwamba fuko kwa Kiingereza ni mole, na najua ukimwambia afisa wa kilimo pale Bomet kwamba una shida ya mole, atakuelewa bila kuuliza mara mbili. Sikatai. Lakini mole mwenyewe, yule ambaye Waingereza walimwita hivyo karne nyingi kabla hawajasikia kuna mahali panaitwa Kericho, anaishi Ulaya, na jamaa zake wa karibu wako Asia na Amerika Kaskazini. Afrika hayuko. Anayekula viazi vyako huku Boito ni mnyama mwingine, wa ukoo mwingine, mwenye meno mengine na tumbo lingine. Wamepachikwa jina moja kwa sababu wote wawili wanaishi gizani na kusukuma udongo juu.

Utaniuliza, sasa shida iko wapi? Jina ni jina tu. Mimi nasema jina hili linawamalizia watu pesa, na wanaolisambaza ni sisi: waandishi, watafsiri, walimu, wauza dawa, na kila mwenye simu na bando. Kwa hivyo tukae chini tulimalize.

Anza na mole wa Ulaya. Wanasayansi humwita Talpa europaea. Ana viganja vya mbele vipana kama sepetu, na ndivyo anavyochimbia. Chakula chake ni nyungunyungu na mabuu ya wadudu. Kiazi hakimhusu. Akikuharibia kitu, sanasana ni nyasi za mbele ya nyumba, anapozijaza vichuguu. Ni jamaa wa kalunguyeye. Waingereza wamemzoea hata ameingia kwenye siasa zao: mwaka 1702 farasi wa Mfalme William wa Tatu alijikwaa, inasemekana kwenye kichuguu cha mole, mfalme akaanguka na kufa muda mfupi baadaye. Maadui zake wakawa wanainua glasi kumshukuru mole.

Sasa fuko wetu. Jina lake la kisayansi ni Tachyoryctes, Kigiriki cha mchimbaji mwenye kasi, na alipewa na Mjerumani Eduard Rüppell mwaka 1835 kutokana na wanyama wa Ethiopia. Huyu ni wa kundi la panya. Jamaa zake wa karibu ni panya wakubwa wa Asia wanaokula mianzi. Yeye huchimba kwa meno, yale ya mbele ya rangi ya machungwa yanayotokeza nje hata akifunga mdomo. Na anakula mizizi na viazi: viazi vya kawaida, viazi vitamu, karoti, nepia ya ng'ombe. Nyungunyungu hana haja naye. Huishi peke yake, kila mmoja na njia zake za chini.

Mmoja mla nyama, mwingine mla mizizi. Sasa niambie, dawa ya huyu itamfanya nini yule?

Hapa ndipo pesa inapotea. Chukua simu, tafuta kwa Kiingereza jinsi ya kufukuza mole shambani. Utaambiwa unyunyizie mafuta ya mbarika, kwa sababu Wamarekani huyanyunyizia kwenye nyasi zao. Utaambiwa uue mabuu yaliyo kwenye nyasi, ili mole akose chakula ahame. Utauziwa vijiti vya sola vya kutetemesha udongo. Ushauri huo, ukiwa na kazi au usiwe nayo, ulitungwa kwa ajili ya mnyama anayekula minyoo chini ya bustani ya mtu wa Ohio. Ukiua mabuu yote ya shamba lako Boito, fuko hata hatajua kuna kitu kimetokea. Ataendelea na viazi vyako kama kawaida.

Mimi naishi kwa kuandika vibarua vya mtandaoni, nalipwa kwa neno. Kuna mteja mmoja, simtaji, aliyetaka makala ya maneno 800 kwa wakulima wa Kenya kuhusu kumaliza mole. Kwenye maelezo ya kazi alikuwa ameshaweka vichwa vidogo: mafuta ya mbarika, kuua mabuu, kadhalika. Nilimwandikia kwamba mnyama wa Kenya ni mwingine na hali mabuu. Jibu likaja fupi: mole ni mole, watu wanatafuta neno hilo, andika au niachie mwingine. Nikamwachia. Mwingine akaandika, na leo makala hiyo iko hewani, imepambwa kwa picha ya mnyama ambaye hakuna mkulima wa Konoin amewahi kumwona. Na sasa kuna watu wanaitafsiri kwa Kiswahili! Mole anarudishwa kuwa fuko, na uongo wenyewe unarudi nyumbani umevaa suti.

Huenda unakaa Nairobi, Nakuru au Eldoret na unaona hili ni jambo la kijijini. Basi nikueleze huku kulivyo. Boito ni wadi ya Konoin, kaunti ya Bomet, na huku mlima wote ni chai. Chai ya kibiashara iliingia ukanda huu miaka ya 1920, na leo familia nyingi zimepanda chai karibu hadi mlangoni. Chai italipa karo, ila hailiwi. Chakula cha nyumbani kinatoka kwenye kile kipande kidogo kilichobaki nyuma ya nyumba: mistari michache ya viazi, mboga, nepia ya ng'ombe mmoja au wawili. Fuko akiingia kwenye hicho kipande, kilo alizokula utazinunua sokoni kwa pesa ya majani, na wewe hapo unangoja bonasi. Ukichukua tena pesa hiyohiyo kununua chupa ya kumfukuza mnyama wa Uingereza, umeibiwa mara mbili. Mwizi wa kwanza alikuwa na njaa. Wa pili ana leseni ya biashara.

Hebu tuone vile tulifika hapa. Mlowezi akifika mahali pageni hubeba majina ya kwao kama anavyobeba masufuria. Amerika walimwona ndege mwenye kifua chekundu wakamwita robin, kwa sababu kwao kuna robin mwenye kifua chekundu. Huyo wa Amerika ni ndege wa ukoo mwingine, mkubwa zaidi, lakini jina limeganda mpaka leo. Huku waliona udongo umeinuka kwenye nyasi wakasema, hao ni mole. Hawakuwa na nia mbaya. Ni mtu aliyekumbuka kwao. Lakini kumbukumbu ya mgeni ikawa somo letu la darasani, na somo likawa mtihani, na mtihani hauna nafasi ya kuandika "inategemea ni nani aliye chini".

Na jina lenyewe limezurura sana duniani. Kuna wale wa rangi ya dhahabu, wengi wao Afrika Kusini, ingawa mmoja wao anapatikana hadi Kenya. Hawa hawaoni, macho yamefunikwa na ngozi, wanakula wadudu. Kwa umbo ungeapa ni ndugu wa mole. Wataalamu walipochunguza chembe za urithi, waliwaweka kwenye kundi walilolipa jina mwaka 1998, Afrotheria, ambamo wamo tembo, pimbi, muhanga na nguva. Ndiyo, umesoma vizuri. Huyo mdogo anayeogelea mchangani yuko karibu na tembo kuliko na mole. Australia nako kuna mwingine, na huyo ana mfuko wa kubebea mtoto, kama kangaruu. Kisha kuna yule asiye na manyoya wa maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, ambaye kwa tafsiri ya haraka anaitwa fuko uchi. Huyo ni karibu zaidi na nungunungu kuliko na fuko wa Boito. Anaishi kwenye kundi lenye malkia, kama nyuki, jambo lililotangazwa na mtafiti Jennifer Jarvis mwaka 1981, na anaweza kupita miaka 30 wakati panya wa nyumbani hafikishi hata mitano. Maabara za Ulaya na Marekani zinamfuga kwa heshima kubwa zikitafuta siri ya kuzeeka. Wanyama watano, koo tano, jina moja. Chini ya ardhi kazi ni moja, na kazi moja hufinyanga miili ifanane: macho madogo, masikio ya kufichwa, mkia mfupi. Dereva wa matatu na dereva wa ambulensi wanashika usukani vilevile. Hiyo haiwafanyi ndugu.

Sasa kuna msee atasema naonea Kiingereza tu, na kwamba kila lugha inachanganya. Ni kweli, na tena nitamsaidia. Kikalenjin kina neno kong'ony. Ni korongo, yule ndege mrefu mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, na kwa ndugu zetu Wanandi ni tiondo ya ukoo wa Moi, A. C. Hollis aliliandika hilo katika kitabu chake cha 1909. Teremka kwenye Kiswahili, kongoni ni swara mkubwa mwenye uso mrefu. Ndege na swara, majina yanakaribiana hivyo. Umewahi kusikia mtu wa Kapsabet ameenda kumtega korongo kwa sababu anataka nyama ya swara? Zii. Anayesema kong'ony amemwona kong'ony. Jina lake limefungwa kwenye mnyama aliye mbele yake, na hakuna wa kumchanganya.

Kwa hivyo ugomvi wangu hauko kwenye jina kugongana. Majina yatagongana tu. Wanyama ni wengi na midomo yetu ni hii hii. Ugomvi wangu ni pale tunapochukua habari za mnyama mmoja na kumbebesha mwingine, eti kwa sababu jina linaruhusu.

Kiswahili nacho kimefanya hivyo. Biblia ilipotafsiriwa, yule mnyama anayewinda kondoo wa Palestina alihitaji jina, akapewa la mbwa mwitu. Lakini mbwa mwitu alikuwepo tayari, na alikuwa na jina hilo. Ni yule mwenye mabaka na masikio ya duara, anayewinda kwa kundi kule Laikipia na Samburu. Hata wasomi walimkosea: mwaka 1820 Coenraad Temminck alimwandika kama aina ya fisi. Katika sehemu nyingi za Afrika wakoloni walimpiga risasi kama mharibifu. Leo yuko kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Na kila Jumapili mahali fulani anatajwa kanisani kama mfano wa mnafiki aliyevaa ngozi ya kondoo, dhambi ya mnyama ambaye hata hajawahi kukutana naye. Ukitaka watu wamhurumie mnyama, si hivyo unavyoanza.

Mfano wa karibu zaidi ni kware. Mnakumbuka ule wazimu wa 2013 na 2014? Yai moja la kware likafika shilingi 100, watu wakachukua mikopo, wakaacha kuku, wakapigania vibali vya Shirika la Wanyamapori. Kware wa porini anajulikana na wazee tangu zamani, nyama yake ina sifa. Lakini aliyekuwa kwenye vizimba vya Nairobi na Kisumu alikuwa ndege wa kufugwa wa asili ya Japani, anayetaga karibu kila siku. Hata jina lenyewe lilikuwa la kukisia, maana Kiswahili kina neno tombo kwa ndege wa aina hiyo, na kware ni yule mkubwa zaidi wa vichakani. Ndege anayetaga hivyo hawezi kubaki adimu. Mwaka haukuisha kabla mayai hayajajaa na bei haijaanguka. Sisemi jina peke yake lilifilisi watu, tamaa ilikuwepo. Ila sifa ya ndege wa babu ilitumika kuuza ndege wa kiwandani, na jina ndilo lililofanya kazi ya dalali.

Turudi kwa fuko, maana kuna mtu anayemjua kweli na hakuna anayemwandika. Ni mtegaji. Kila kijiji huku kina mmoja, mara nyingi mzee, analipwa kwa kila fuko anayemtoa. Hana Wi-Fi. Ana waya, kamba na fito ya kupinda. Anajua kwamba fuko hapendi njia yake ibaki wazi: ukiitoboa, atarudi kuiziba. Mtego wote umejengwa juu ya tabia hiyo moja. Fito inapindwa kama upinde, kitanzi kinawekwa ndani ya njia, na fuko anapokuja kuziba anajifyatulia mwenyewe. Anajua kichuguu kibichi na cha jana. Anajua fuko ni wa kuishi peke yake, kwa hivyo ukimtoa mmoja hapo una nafasi ya kupumua mpaka mwingine ahamie. Huo ni utafiti. Umefanywa kwa magoti, kwenye matope, miaka na miaka, na unalenga mnyama sahihi. Sikumaliza chuo, lakini sihitaji cheti kutambua ni nani kati ya mzee huyo na mteja wangu anayejua anachosema.

Kuna na wengine wawili wanaomjua: bundi, na yule mwewe mkubwa mwenye kifua cheupe na mkia mwekundu anayekaa juu ya nguzo za stima. Wote wanakula fuko. Kule milima ya Bale, Ethiopia, kuna fuko wa aina kubwa kabisa, na mbwa mwitu wa Ethiopia, mmoja wa wanyama adimu zaidi wa jamii ya mbwa duniani, anamtegemea kwa chakula. Hiyo ni habari ambayo mkulima angeweza kuitumia: acha mti wa kutulia mwewe, usimfukuze bundi kwa mawe ati ataleta kifo nyumbani. Bundi anayelia juu ya paa lako pengine amekuja kulinda viazi. Lakini habari hiyo iko chini ya jina la fuko, Tachyoryctes, na sisi tunasoma chini ya jina la mole.

Na msiniambie haiwezekani kubadilisha. Kuna mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, ambaye Waingereza walimwita kirukanjia wa tembo. Kwa Kiswahili ni sange. Mmoja wao, wa makalio ya dhahabu, anaishi Arabuko-Sokoke, pwani yetu. Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, alipendekeza mwaka 1997 waitwe sengi, jina lenye asili kwenye lugha za Kibantu, kwa sababu wale si virukanjia hata kidogo. Wao pia ni wa upande wa tembo kwenye ukoo ule wa Afrotheria. Watafiti wakakubali. Leo mtaalamu wa Marekani anaandika sengi bila kutafsiri. Kumbe jina linaweza kutoka huku likaenda kule. Kumbe kinachotakiwa ni mtu wa kusimama aseme, huyo mnamkosea.

Basi mimi nimesimama. Ukiandika makala ya kilimo, anza na mdomo wa mnyama kabla ya jina lake: anakula nini? Hilo swali moja lingeokoa nusu ya makala zilizo mtandaoni. Ukitafsiri, usirudishe mole kuwa fuko bila kuangalia habari ilitoka bara gani. Mwalimu, mwambie mtoto kwamba fuko ni fuko, na kwamba Wazungu waliomwita mole walikuwa wanafananisha. Wewe wa agroveti, kabla hujaweka chupa kwenye rafu, uliza ilijaribiwa kwa nani. Na vile vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini, ambavyo watu wanavitupa shimoni kama peremende, gesi hiyo huua binadamu vizuri tu, iwe umemwita mnyama jina sahihi au la.

Wakikuyu humwita huko, na ni neno lilelile la fuko, limebadilika kidogo njiani. Watu wa lugha hizi wamekuwa wakimtazama mnyama huyu muda mrefu kabla ya meli ya kwanza ya mlowezi kutia nanga Mombasa. Jina tunalo, na linatosha. Ambacho hatuna ni maandishi chini yake. Mzee wa mitego bado yuko hai, na kutoka kituo cha Boito kwenda kwake si mbali. Chukua daftari uende, kabla hajaondoka na yote anayoyajua, sisi tubaki tunanyunyizia mbarika.